Shemeji Aliyenyoosha Namba

Mdogo wangu aliolewa na mtu anayenyoosha vitu. Akiingia sebuleni kwako hasalimii kwanza. Anasogeza picha ukutani, anapanga viatu vya watu mlangoni, anavuta kitambaa cha meza, ndipo anakumbuka kwamba ndani ya nyumba kuna binadamu. Sisi ndugu wa mke tulimpa jina la Rula, na yeye akalipokea kama cheo. Mtu wa namna hiyo angefaa sana kupanga viti vya harusi, na ningemsifu kwa moyo mweupe. Lakini walimwengu hawana huruma: alipata kazi ya ushauri katika idara ya maji, ofisi ileile ninayofanyia kazi mimi, akapewa mamlaka juu ya namba.

Mimi ndiye niliyekuwa mtunza hifadhidata wa idara. Kazi yenyewe haina urembo. Matangi yetu manane yamekaa kwenye miinuko ya mji, kila moja lina kipimo kinachotuma ujazo wake ofisini, na kila asubuhi kompyuta ya chumba chetu inaulizwa swali moja kwenye dirisha lake jeusi, lile la kuandikia amri: kila tangi lina maji kiasi gani? Jibu linashuka mistari minane, jina la tangi upande wa kushoto, ujazo upande wa kulia, kuanzia tangi lenye maji machache hadi lenye maji mengi. Mgawa maji, bwana mwenye kitambi na rundo la funguo kiunoni, anasoma majina manne ya juu, anakwenda kufungua vali zake, pampu zinanguruma, kazi imekwisha. Manne ya juu yanapewa, manne ya chini yanasubiri. Ndivyo ilivyokuwa miaka yote, na wakati wa ukame utaratibu huo ndio uliozuia watu wasipigane kwa ndoo.

Mwaka ule ukame ulikuwa wa kweli, na mdogo wangu alikuwa na kitalu cha miche kinachokunywa maji ya Tangi la Mteremko. Hakikuwa kitalu cha kujifurahisha. Nyumbani kwa wazazi wetu kulikuwa na mchungwa alioupanda baba, wenye machungwa ya ganda jembamba na utamu ambao sijauonja penginepo. Barabara ilipopanuliwa mti ukakatwa, nasi tumesimama pale tunatazama, Rula akiwa miongoni mwetu. Kabla msumeno haujawashwa, mdogo wangu alipanda juu akakata vikonyo, akaja kuvibebesha juu ya miche ya limau chungu la porini, kama wanavyofanya watu wa miche: mizizi ya limau, kichwa cha chungwa. Baba hayupo tena na mti haupo. Kilichobaki cha vyote viwili kilikuwa ndani ya viriba vya plastiki kwenye kitalu kile, na kikikauka hakuna pa kwenda kuchukua kingine.

Balaa lilianza siku Mkurugenzi alipoingia chumbani kwetu na kuinamia kioo cha kompyuta. Ugeni mkubwa ulikuwa unakuja kukagua idara, naye alikuwa akizunguka jengo zima kutafuta kitu cha kupaka rangi.

"Mbona hizi namba zinayumba?" akauliza. "Majina yameanza sawasawa. Namba, moja imeanza huku, nyingine kule. Zimekaa kilevilevi."

"Zinaanza popote lakini zinaishia pamoja, bosi," nikamwambia. "Mamoja chini ya mamoja, makumi chini ya makumi. Namba fupi ni ndogo, ndefu ni kubwa. Unaona kwa kupitisha jicho tu."

"Wageni wanaangalia mwanzo. Hawaangalii mwisho."

Nilimjibu kwamba hata mtoto wa darasa la pili akipanga hesabu ya kujumlisha kwa kuanzia kushoto, mwalimu anamrudishia daftari. Nilisema mbele za watu. Mdomo wangu hauna mlango, na sina mpango wa kuutengenezea. Watu wawili wakacheka, Mkurugenzi hakucheka, na kutoka nyuma yake ikasikika sauti ya shemeji yangu, laini kama mafuta:

"Bosi, niachie mimi. Nitazinyoosha."

Jioni ile nilipewa barua ya kuhamia kitengo cha mita, ghorofa ya chini, chumba kinachonuka betri zilizovuja. Nywila yangu ya jedwali la matangi ikafutwa. Baada ya siku chache nikasikia makofi juu ya dari, nikaambiwa namba zimenyooka, zote zinaanza mstari mmoja chini ya jina lake. Mkurugenzi aliita hata wapishi wa kantini waje kutazama. Asiyejua maana haambiwi maana, nikasema moyoni, nikaendelea na mita zangu.

Mabomba ya mteremkoni yalipoanza kukauka sikushtuka. Ulikuwa ukame, kila mtu alikuwa na zamu yake ya kukauka. Lakini zamu ya mteremkoni haikuisha. Mdogo wangu alinipigia simu mara ya kwanza akicheka, mara ya pili bila kucheka, na mara ya tatu akaniomba nije nile nao chakula cha mchana Jumapili, jambo ambalo kwetu sisi ni namna ya kusema maji yamezidi unga.

Nilimkuta na malengelenge viganjani. Alikuwa akiteka maji kwenye kisima cha mbali, ndoo mbili kwa siku, ya kunywa, ya kupikia, na kilichobaki anakitia kwenye miche kwa kikombe. Majani ya mchungwa wa baba yalikuwa yameanza kujikunja. Katikati ya kitalu kulikuwa na mtaro mrefu, umechimbwa kwa unyoofu wa kutisha, sikuhitaji kuuliza ni wazo la nani.

"Bomba linakoroma tu, dada," akaniambia tulipokaa mezani. "Wiki ya tatu hii."

"Maji yapo," akasema Rula, akisogeza bakuli la mboga lilingane na sahani. "Tatizo ni bomba la humu ndani. Nimeleta fundi, anachimba."

"Fundi amechimba mpaka getini. Bomba ni kavu mpaka getini."

"Basi atachimba na nje."

"Nilitaka kuita boza la maji," mdogo wangu akanigeukia. "Amekataa."

"Shemeji, nihukumu wewe," Rula akasema. "Mimi ni mshauri wa idara ya maji. Boza lisimame mlangoni kwangu? Majirani wataniweka wapi?"

Nilimeza tonge langu. Mume anaambiwa na mke wake mwenyewe kwamba bomba halitoi maji, mikono ya mke imechubuka, mtaro upo uani, na yeye anawafikiria majirani.

"Umejuaje kwamba maji yapo?" nikamuuliza.

"Naona kwenye orodha kila asubuhi. Mteremko ni la mwisho. La mwisho kabisa, shemeji! Mji mzima hakuna tangi lenye maji mengi kuliko hilo."

Akafuta mikono, akaleta laptopu yake, akaifungua mezani akiwa na uso wa mtu anayeonyesha picha ya mwanawe wa kwanza. Nikaiona kazi ya mikono yake:

Viwandani 1040
Chuoni 1260
Stesheni 215
Bustani 3300
Sokoni 47
Makaburini 560
Shuleni 86
Mteremko 9

Zilikuwa zimepangwa kwa safu mbili, na kweli, safu ya namba ilikuwa imenyooka upande wa kushoto kama ukuta. Nikazisoma moja moja. Kisha nikahisi kitu kinapanda kifuani, na sijui hadi leo kama kilikuwa kicheko au kilio.

"Soma mstari wa mwisho," nikamwambia.

"Mteremko, tisa."

"Tisa nini?"

"Mita za ujazo."

"Na Bustani?"

"Elfu tatu na mia tatu."

"Ipi kubwa?"

Nadhani lilikuwa swali la kwanza maishani mwake lililomtaka aitazame namba yenyewe, si mahali ilipokaa. Akaangalia juu, akaangalia chini, midomo ikicheza.

"Lakini iko chini," akasema. "Orodha inaanza na kidogo inaishia na kikubwa."

Basi nikamweleza, na niliongea kwa raha, sifichi. Nikamwambia kwamba ile programu ya dirisha jeusi si jinga kama watu inaowahudumia. Ikijua kitu ni namba, inakisukuma kulia yenyewe bila kuombwa. Ikijua ni neno, inakianzisha kushoto. Yeye alipotaka namba zikae kushoto na zikakataa, alifanya nini?

"Niliongeza neno moja kwenye swali," akasema polepole. "La kuzigeuza ziwe maandishi."

"Haya. Na maandishi yanapangwaje? Kwa ukubwa?"

Nikajibu mwenyewe. Maandishi yanapangwa kama kamusi, kwa alama ya kwanza. Elfu na arobaini inaanza na moja, inatangulia. Elfu tatu na mia tatu inaanza na tatu, inaitangulia arobaini na saba inayoanza na nne. Na tisa inaanza na tisa, kwa hiyo inakwenda mkiani, hata kama ni tisa kavu, hata kama hiyo tisa yenyewe ni tope la kitako cha tangi. Kila asubuhi mgawa maji alisoma manne ya juu, na manne ya juu yalikuwa yaleyale. Bustani, wanakokaa wakubwa, tangi lilikuwa linafurika mpaka barabarani, na mtunza maua wa Mkurugenzi alikuwa akilalamika kwamba viatu vyake haviishi kulowa. Uzuri wa mkakasi, nikamalizia, ndani kipande cha mti.

Nilikuwa na mengine ya kusema, lakini mdogo wangu alinikata.

"Inarekebishwaje?"

"Afute neno lile moja. Hapa hapa mezani, sasa hivi. Kesho asubuhi Mteremko litakuwa la kwanza kwenye orodha, na kabla ya saa sita mna maji."

Tukamtazama Rula. Nimtendee haki, niseme kwamba aliweka vidole kwenye vitufe. Akafungua swali, akapata neno lenyewe, akafika mwishoni mwake, kidole kikawa juu ya kitufe cha kufutia. Kisha akakiondoa.

"Zitarudi kuyumba," akasema.

"Zitarudi kuwa namba."

"Wageni wanakuja Alhamisi. Mkurugenzi ameshawaandikia kuhusu mwonekano mpya. Nikifuta leo, kesho ataniuliza kwa nini. Nitamwambia nini?"

"Mwambie kweli," mdogo wangu akasema.

"Ijumaa," akasema Rula. "Ijumaa asubuhi, wageni wakishaondoka, jambo la kwanza nafuta. Nakuahidi, mke wangu. Ni siku nne tu."

"Miche haifiki Ijumaa."

"Mbona imefika mpaka leo?"

Akaifunga laptopu, akaiweka sambamba na ukingo wa meza. Mdogo wangu alitoa vyombo mezani. Mimi nilisema maneno ya kutosha kwa ajili yetu wawili, na jirani aliyekuwa anaanika nguo akaziacha ili asikilize vizuri. Lakini ilikuwa sawa na kumpigia mbuzi gitaa.

Jumatatu nilipanda ghorofani kwa Mkurugenzi. Hakuniruhusu kukaa.

"Wewe si uko mita?" akauliza.

Nikamweleza kwa kifupi, nikamtajia hata barabara ya kwake inavyofurika. Alisikiliza huku akinyoosha tai. Alipoelewa, na nilimwona kabisa alipoelewa, uso wake ulibadilika, kisha ukarudi ulivyokuwa.

"Mshauri ameniambia ni suala dogo, atalishughulikia Ijumaa," akasema. "Usilete chuki za kifamilia ofisini."

Nikashuka kwa mgawa maji, nikamwomba afungue vali ya Mteremko hata kwa saa moja, bila orodha. Alinitazama kama nimemwomba funguo za chumba chake cha kulala.

"Mimi nafungua manne ya juu," akasema.

"Kwani hukuona kwamba ya mwisho ni tisa?"

"Niliona."

"Ukafikiri nini?"

"Dada yangu, nani kaniajiri kufikiri? Nimeajiriwa kufungua."

Mdogo wangu aliita boza bila kumuuliza mtu. Mwenye boza akamwambia kwamba yeye hujazia kituo cha Sokoni, na Sokoni bomba linakohoa hewa. Haya, Sokoni kulikuwa na arobaini na saba, chini ya Bustani yenye elfu tatu. Nikapakia madumu kwenye gari langu, nikawa nampelekea maji kutoka kwangu kila nitokapo kazini. Tulimwaga kwa kikombe, mche mmoja baada ya mwingine, na udongo ukayameza kabla hatujafika mwisho wa mstari. Jua la mchana lilirudisha nyuma kila kitu tulichokuwa tumefanya. Kufikia Jumatano majani yalikuwa yakidondoka kwa kuguswa. Mdogo wangu hakulia. Alikuwa anayaokota.

Alhamisi wageni wakaja. Sikualikwa, lakini ngazi za jengo letu hazijui siri. Mkubwa wao alishusha kidole juu ya kioo, kutoka namba ya kwanza hadi ya mwisho, akasema kwamba hii ndiyo nidhamu anayoitafuta kila ofisi. Kidole chake kilipita juu ya tisa, kikapita juu ya arobaini na saba. Hakuna aliyeuliza kitu. Shemeji yangu alishikwa mkono, akapigwa picha akiwa amesimama mbele ya kioo, katikati kabisa.

Ijumaa asubuhi akafuta neno lake, kama alivyoahidi. Namba zikarudi kulia, Mteremko likapanda juu, mgawa maji akafungua vali bila kushangaa hata kidogo, na mchana bomba la mdogo wangu likatapika tope, kisha maji mekundu, kisha maji safi. Mimi sikurudishwa ghorofani. Mkurugenzi alisema kwamba tatizo limetatuliwa na mtaalamu.

Zikapita wiki kadhaa. Mdogo wangu alimwagilia kila siku na hakuniambia lolote kuhusu miche, nami niliogopa kuuliza. Aliyenipigia simu ni Rula, sauti imejaa asali.

"Shemeji, njoo ujionee mwenyewe, halafu unitake radhi. Imechipua! Yote! Hakuna hata mmoja uliokufa."

Nilikwenda mbio. Ninamdharau mtu yule kwa dhati, lakini njiani nilimwombea awe amepatia. Ningemtaka radhi kwa magoti.

Na kweli kitalu kilikuwa kijani. Rula alikuwa amevipanga viriba kwa kamba, mstari hadi mstari, na kila kiriba kilikuwa na majani mapya, mabichi, yanayong'aa. Alinitembeza kama mwenye nyumba anayemwonyesha mpangaji vyumba.

"Umeona? Siku nne hazikuua kitu. Mlinililia matanga mtu hajafa."

Mdogo wangu alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kisu chake cha kubebeshea kiko mapajani. Hakuwa anakata kitu. Alichuma jani kwenye mche wa karibu, akalifikicha, akamnyooshea mumewe.

"Nusa."

Rula akanusa. "Majani mabichi."

Akanipa mimi. Sikuhitaji kulisogeza puani. Harufu ya limau ilinifikia kabla ya mkono wake.

Akauinamisha ule mche ili tuuone vizuri. Pale kikonyo kilipofungwa kwenye shina palikuwa na fundo. Juu ya fundo kulikuwa na kijiti cha kahawia, kikavu, kikavunjika alipokigusa kwa kidole gumba. Majani yote yalikuwa yametoka chini ya fundo.

"Juu ya fundo ni chungwa," akasema. "Limekufa. Chini ni limau chungu, halifi upesi. Ndilo limechipua." Akaangalia mistari. "Yote ni hivyo. Nimekagua yote."

Rula alichuchumaa, akatazama mche mmoja, akahamia wa pili, wa tatu. Alikuwa anatafuta. Kisha akasimama akajipangusa magoti.

"Lakini ni miche," akasema. "Ni mizuri. Mtu akipita hapo atajuaje?"

Nilikuwa na tusi. Lilikuwa tusi bora kuliko yote niliyowahi kutunga, lilikuwa limefika kwenye meno.

"Nyamaza, dada," mdogo wangu akasema, na hata sikuwa nimefungua kinywa.

"Basi bebesha tena," Rula akaendelea, sasa kwa haraka. "Mizizi si ipo? Mizizi ni mizima kabisa. Unakata vikonyo vingine, unabebesha upya, mimi nitakusaidia kufunga. Tutaanza kesho."

"Nikakate wapi?"

Rula akainua mkono kuelekea upande wa nyumbani kwetu, akafungua mdomo, mkono ukabaki hewani. Alikuwepo siku ile ya msumeno. Alikuwa amesimama kando yangu.

"Wapi?" mdogo wangu akauliza tena, bila hasira, kama mtu anayeuliza njia na kutaka kuelekezwa.

Mkono ukashuka. Rula akanigeukia mimi. Tangu aoe kwetu hajawahi kuniomba kitu, na pale alikuwa ananiomba kwa macho nimpe jibu, jibu lolote, mimi ambaye sijawahi kukosa la kumjibu. Nikatazama chini, kwenye majani yale ya limau.